Ritifaa ya Bomang'ombe

Jina la mji wetu lina kialama kidogo katikati kinachoitwa ritifaa. Ukikiondoa, msomaji anatamka "ngo" kama ya ngoma, na sisi wenyeji tunajua papo hapo kwamba huyu ni mgeni. Hapa makao makuu ya Wilaya ya Hai, kwenye njia panda ya kwenda Sanya Juu, kando ya barabara kuu ya Moshi na Arusha, ritifaa hiyo imeandikwa kwenye mihuri ya ofisi na vibao vya maduka, na watoto wanafundishwa kuiweka mahali pake. Inapopata taabu ni ndani ya kompyuta.

Katika lugha nyingi za kompyuta kuu, zile mashine kubwa za mabenki na serikali ambazo mafundi huziita meinfremu, ritifaa ndiyo inayofungua na kufunga maneno anayoandikiwa mtu. Mwandika programu akiandika 'Tawi la Bomang'ombe limefungwa', kompyuta inadhani maneno yameishia kwenye Bomang. Kisha inakutana na "ombe limefungwa", inatafuta amri yenye jina hilo, haiioni, na kazi nzima inasimama. Dawa yake ni kuandika ritifaa mbili mfululizo: 'Tawi la Bomang''ombe limefungwa'. Kompyuta ikiona mbili inaelewa kwamba unataka moja, na kwenye skrini jina linatoka sawasawa.

Asiyejua dawa hiyo hufuta ritifaa, na ndiyo maana kwenye stakabadhi na orodha nyingi mji wetu unaandikwa BOMANGOMBE au BOMA NG OMBE. Nimefanya kazi miaka mingi kwenye chumba cha kompyuta cha shirika moja jijini Dar es Salaam, kwanza nikiwa opareta, baadaye nikiandika programu, kabla sijarudi huku nyumbani na kufungua steshenari karibu na stendi. Kazi niliyoipenda kuliko zote haikuwa kukokotoa mishahara wala kuchapisha ankara. Ilikuwa kurekebisha maneno ambayo kompyuta inawaambia watu. Watu wengi hawajui kwamba maneno hayo yanaweza kubadilishwa, tena bila kuvunja programu. Nataka wajue.

Turudi nyuma kidogo. IBM ilitangaza kompyuta zake za System/360 Aprili 1964. Tanzania ilipata kompyuta yake ya kwanza mwaka uliofuata, 1965, ikafungwa Wizara ya Fedha. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza nchini kompyuta pamoja na runinga, na marufuku hiyo ikalegezwa baadaye kidogo kidogo. Kwa hiyo kizazi changu kilizikuta mashine hizi zikiwa chache, ghali, zimefungiwa kwenye vyumba vya baridi, na zinaongea Kiingereza cha ajabu ambacho hata Mwingereza wa kawaida asingekielewa.

Chukua mfano wa ujumbe maarufu kwa kila opareta wa meinfremu za IBM: IEF450I. Herufi tatu za mwanzo zinaeleza ni sehemu gani ya mfumo inayoongea. Tarakimu ni namba ya ujumbe wenyewe. Herufi ya mwisho inamwambia opareta afanye nini: I maana yake ni taarifa tu, A inamtaka atende jambo, D inamtaka aamue. IEF450I inasema kwamba kazi fulani imekatika kabla ya kumalizika, na mbele yake kunaandikwa sababu kwa alama fupi, kwa mfano S0C7. Alama hiyo ina maana kwamba programu imeamriwa kufanya hesabu na kitu ambacho si namba. Kwenye malipo ya mishahara, chanzo chake mara nyingi kilikuwa mtu mmoja aliyeacha wazi mahali pa kiasi. Nafasi tupu haijumlishiki, basi mishahara ya watumishi wote inasubiri.

Sisi maopareta tulizijua namba hizo kwa moyo. Usiku wa manane mtu anapiga simu nyumbani kwa mwandika programu, hasomi Kiingereza cha ujumbe, anasema "imetoa S0C7 kwenye hatua ya tatu," na mwenzake anajua pa kuanzia. Hapa ndipo nilipojifunza jambo la kwanza kuhusu ujumbe wa kompyuta: namba ni ya fundi, maneno ni ya mtumiaji. Namba usiiguse, kwa sababu vitabu, mafundi na hata programu nyingine zinaitegemea. Maneno yaguse kwa uhuru, alimradi yaseme kweli.

Lakini unayagusaje? Zamani sana maneno yaliandikwa ndani ya programu yenyewe, yamechanganyikana na hesabu. Kutaka kubadilisha neno moja kulikuwa na maana ya kufungua programu nzima, kuipeleka tena kwa kompaila, yaani programu inayogeuza maandishi ya fundi kuwa lugha ya mashine, kuijaribu na kuirudisha kazini. Hakuna meneja angeruhusu hatari hiyo ili tu karani aelewe vizuri zaidi. Baadaye watengenezaji wakapata njia ya busara: maneno yote yanawekwa kwenye faili la peke yake, na programu inabaki na namba tu. Ikitaka kusema jambo, inaita namba, na mfumo unakwenda kuchota maneno.

Mashine niliyoizoea mimi ni AS/400 ya IBM, iliyotangazwa Juni 1988. Ni mdogo wake meinfremu, lakini kwa jambo hili la ujumbe naiona ilipangwa vizuri kuliko mashine zote nilizowahi kuzigusa. Kuna amri ya CRTMSGF inayotengeneza faili la ujumbe. Kuna ADDMSGD ya kuongeza ujumbe mmoja, na CHGMSGD ya kuubadilisha. Kila ujumbe una jina la herufi na tarakimu 7, maneno ya kwanza yasiyozidi herufi 132, na nyuma yake maelezo marefu ambayo mtumiaji anayaona akibonyeza kitufe cha msaada. Maelezo hayo yanaweza kufika herufi 3,000. Kwa desturi yamegawanywa pande mbili: sababu ya tatizo, na la kufanya. Sababu na la kufanya! Ningefurahi kila simu ya mkononi nchini ingelazimishwa kufuata desturi hiyo.

Kisha kuna amri ninayoipenda zaidi, OVRMSGF. Kazi yake ni kuuambia mfumo: kila programu hii inapotaka maneno kutoka faili lile la asili, kwanza tazama kwenye faili langu. Ikiwa ujumbe upo kwenye faili langu, onyesha wangu. Ikiwa haupo, rudi kwenye la asili. Kwa hiyo unaweza kununua programu iliyoandikwa ng'ambo, usiiguse hata kidogo, ukatengeneza faili lako la Kiswahili lenye ujumbe ule tu unaowasumbua watu wako, na mwingine ukauacha kama ulivyo. Amri yenyewe ni mstari mmoja:

OVRMSGF MSGF(ASILI) TOMSGF(KISWAHILI)

Mstari huo niliuandika kwa mara ya kwanza kwa ajili ya makarani wa kaunta. Programu yao ilikuwa na ujumbe mmoja wa Kiingereza, mfupi, uliosema kwamba rekodi inatumiwa na kazi nyingine. Kwa fundi, hilo si tatizo. Maana yake ni kwamba karani mwingine amefungua taarifa za mteja huyohuyo, na kompyuta inawazuia wawili wasiandike mahali pamoja kwa wakati mmoja. Ni ulinzi. Lakini nilipokwenda kukaa nyuma ya kaunta niliona kinachotokea. Skrini ilitoa ujumbe ule, na dada aliyekuwa kazini akanyoosha mkono kwenye swichi.

"Unafanya nini?" nikamuuliza.

"Nazima, dada. Ikiandika hivi huwa nazima nawasha upya."

"Kwa nini?"

"Si imekataa? Tena mteja amesimama, ananitazama."

Kuzima mashine katikati ya kazi ndilo jambo ambalo ujumbe ule uliwekwa ili lisitokee. Nikamwomba aniambie, kama angekuwa anamweleza mwenzake mgeni, angesemaje. Tukaandika pamoja: "Taarifa za mteja huyu zimefunguliwa na mwenzako kwenye mashine &1. Subiri amalize, kisha bonyeza Enta." Sentensi hizo zinaingia ndani ya zile herufi 132, na nafasi inabaki. Ile &1 ni pengo ambalo mfumo unalijaza wenyewe kwa jina la mashine. Baada ya hapo karani alikuwa anageuka na kusema, "Mama Neema, umefungua akaunti ya huyu baba?" na kazi inaendelea. Swichi zikapumzika. Programu haikubadilika hata herufi moja.

Mapengo hayo, &1 na &2 na wenzake, ndipo penye utamu wote wa kazi hii, na ndipo Kiswahili kinapodai heshima yake. Kwenye steshenari yangu nauza hati za mauziano ya shamba zilizochapwa tayari, zenye vidoti vya kujaza jina la muuzaji, mnunuzi na mipaka. Ujumbe wa kompyuta ni hati ya namna hiyohiyo. Tatizo ni kwamba Mwingereza anaweza kuandika hati moja ikamtosha kwa kila kitu. Anaandika kwamba &1 "not found", basi. Pengo likijazwa na mteja, akaunti, kitabu au ufunguo, sentensi yake haitikisiki.

Jaribu kwa Kiswahili. Mteja hajapatikana. Akaunti haijapatikana. Kitabu hakijapatikana. Ufunguo haujapatikana. Jina halijapatikana, majina hayajapatikana. Kitenzi kinafuata nomino, na kompyuta haijui ngeli. Mtafsiri asiye makini anachagua moja, kwa kawaida "haijapatikana", na hapo ndipo unapokutana na skrini inayosema "Mteja haijapatikana" na watu wanacheka, au wanaona kwamba Kiswahili hakifai kwenye mambo ya kompyuta. Lugha haina kosa hapo. Aliyeandika pengo hakufikiria.

Ziko njia mbili za kutoka, na zote mbili nimezitumia. Ya kwanza ni kulipatia pengo nomino ya kulisimamia. Usiandike "&1 haijapatikana"; andika "Mteja mwenye namba &1 hajapatikana." Nomino imekaa, ngeli imejulikana, pengo linajazwa na namba tu. Hata ujumbe wa mfumo wenyewe unaweza kutendewa hivyo. AS/400 ina ujumbe CPF9801, unaotolewa kitu kilichotafutwa kinapokosekana kwenye maktaba ya mashine. Kwa Kiswahili naona unakaa hivi: "Kitu kinachoitwa &2 hakimo kwenye maktaba &3." Kinaweza kuwa faili, kinaweza kuwa programu, bado sentensi imesimama wima.

Njia ya pili ni kuwa na ujumbe mmoja kwa kila aina ya kitu: namba moja kwa mteja, nyingine kwa akaunti, nyingine kwa hati. Inachosha, lakini inalipa, kwa sababu kila mmoja unaweza kubeba la kufanya linalolingana nao. Mteja akikosekana, hakiki kitambulisho chake. Akaunti ikikosekana, huenda ni ya tawi jingine.

Na mapengo kupewa namba ni jambo la maana kuliko linavyoonekana. Kiingereza kinaweka idadi mbele, sisi tunaiweka nyuma ya jina. Kama mapengo yangekuwa yanajazwa kwa mpangilio wa kuja kwake, tungelazimika kusema kwa mpangilio wa Kiingereza milele. Kwa kuwa yana namba, naweza kuandika &2 kabla ya &1 na mfumo hauoni shida. Adui mkubwa wa mtafsiri ni mwandika programu anayeunga sentensi vipande vipande ndani ya programu: kipande hapa, jina pale, kipande kingine mwisho. Sentensi ya hivyo haitafsiriki, hata ukimleta bingwa wa lugha.

Wenzetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipambana na mambo hayahaya kwenye kompyuta ndogo. Mradi wao uliitwa Kilinux. Walifadhiliwa na Sida, shirika la misaada la Sweden, wakafanya kazi pamoja na wataalamu wa huko, na mwishoni mwa 2004 wakatoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini zenye menyu na ujumbe kwa Kiswahili. Waliweza kwa sababu programu huria ya OpenOffice ilikuwa imeyatenga maneno na hesabu, na haikumkataza mtu kuyafungua. Microsoft nayo ikatoa vifurushi vya Kiswahili vya programu zake katika miaka iliyofuata. Kwa maoni yangu kazi ya Kilinux haijapewa sifa inayostahili. Ilionyesha kwamba timu ya hapa nyumbani inaweza kukaa chini ikapitia maelfu ya sentensi za kompyuta na kuzimaliza.

Hadi hapa nimezungumzia maneno ambayo kompyuta inatuambia. Yapo pia yale tunayoiambia sisi, yaani maneno ya amri, nayo yanabadilishwa. Kwenye mfumo wa VM wa meinfremu za IBM, uliokuwapo tangu 1972, mtumiaji anaweza kuandika faili dogo la majina yake mwenyewe. Tuseme faili langu nimeliita HAI, na ndani yake nimeandika:

ERASE FUTA 4
RENAME BADILI 4
LISTFILE ORODHA 3

Nikitoa amri SYNONYM HAI, tangu hapo nikiandika FUTA mashine inafuta, nikiandika ORODHA inanipa orodha ya mafaili. Namba ya mwisho inaeleza herufi chache kabisa zinazotosha. ORO inatosha kuomba orodha. Kwa FUTA nimedai herufi zote 4, kwa sababu amri inayopoteza kitu haifai kufanyika kwa kidole kilichoteleza. Ni uamuzi mdogo lakini una uzito, na anayeujua uzito huo ni yule anayekaa na watu wanaoitumia mashine.

Hata lugha yenyewe ya kuandikia programu inaweza kuvishwa Kiswahili. COBOL, lugha ambayo bado inaendesha hesabu za mabenki mengi duniani, ina amri ya REPLACE tangu kiwango chake cha 1985. Unaandika juu ya programu:

REPLACE ==HAMISHA== BY ==MOVE==
==JUMLISHA== BY ==ADD==
==KWENDA== BY ==TO==
==KWENYE== BY ==TO==.

Baada ya hapo HAMISHA KIASI KWENDA SALIO ni sentensi halali, na JUMLISHA POSHO KWENYE MSHAHARA pia. Maneno mawili ya Kiswahili yanaelekea kwenye neno moja la COBOL, na kompaila haijali.

Wazo hili si geni. Grace Hopper, mwanamke wa Kimarekani ambaye kazi yake ndiyo iliyozaa COBOL, alisimulia jinsi miaka ya 1950 alivyowaonyesha wakubwa wake programu ndogo yenye maneno ya Kiingereza, kisha akaonyesha ileile kwa Kifaransa na kwa Kijerumani. Alitaka kuwathibitishia kwamba kwa mashine neno ni alama tu. Wakubwa walishtuka. Waliona haiwezekani kabisa kompyuta iliyotengenezwa Marekani ikaelewa Kifaransa, na ikambidi awaahidi kwamba atabaki na Kiingereza. Maneno mengi ya amri duniani ni ya Kiingereza hadi leo, na mashine haikuwa na kauli katika uamuzi huo.

Pamoja na hayo, siwashauri vijana waandike programu za kazini kwa COBOL ya Kiswahili. Darasani ndiyo, tena ni njia nzuri ya kumfungua macho mwanafunzi wa sekondari aone kwamba programu ni maagizo ya kawaida yaliyopangwa. Kazini hapana. Ukikosea, kompaila italalamika juu ya MOVE ambayo wewe hukuiandika popote. Na fundi atakayerithi kazi yako atatafuta MOVE kwenye kurasa zako asiione. Naiweka mipaka mahali hapo: maneno anayoyagusa fundi peke yake yanaweza kubaki kama yalivyo. Maneno anayoyasoma au kuyaandika karani, mkulima, muuguzi na mwanafunzi lazima yawe yake.

Sasa nikiwa hapa steshenari ndipo naona vizuri zaidi kwa nini. Wanaokuja kwangu hawajui meinfremu ni nini, lakini kila siku wanaongea na mashine kubwa zilizoko mbali kupitia simu zao. Mtu anakuja na kontroo namba ya tarakimu 12 ya malipo ya serikali. Mwingine ana meseji ya pesa iliyokwama. Mzee anateremka na bajaji kutoka barabara ya Sanya Juu, shikamoo na marahaba zinapita, kisha ananipa simu: "Mwanangu, nisomee hii inasemaje." Imeandikwa kwa Kiswahili, naye anajua kusoma. Anachoniomba nimsomee ni maana. Meseji inasema muamala haukukamilika, lakini haisemi kama pesa imeondoka au ipo. Kwake hilo ndilo swali pekee.

Mwaka 2024 tulipata somo zuri la jambo hili kupitia mita za LUKU. Mita nyingi za umeme wa malipo ya kabla duniani zinafuata kiwango cha kimataifa ambacho kila tokeni ilikuwa inahesabiwa dakika tangu 1 Januari 1993. Nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo ilikuwa inajaa tarehe 24 Novemba 2024, kwa hiyo kila mita ilipaswa kuboreshwa kabla ya hapo. Mteja aliyenunua umeme alipokea mafungu matatu ya tarakimu 20 badala ya moja, na ilimpasa aingize mawili ya kuboresha mita kwanza, kisha la umeme. Waliokuja dukani kwangu wote waliweza kubonyeza tarakimu 60 bila shida. Nilichowafanyia ni kuchukua kalamu na kuandika pembeni ya mafungu: 1, 2, 3, na chini yake, "ingiza kwa mpangilio huu, umeme ni la mwisho." Mama mmoja anayeuza ndizi alirudi kesho yake kwa ajili ya jirani zake, akaomba nimwandikie karatasi hiyo aende nayo mtaani.

Karatasi ile ndiyo kile nilichokuwa nakifanya Dar es Salaam kwenye faili la ujumbe. Sababu, na la kufanya.

Kuna kipengele kimoja cha simu ambacho waandishi wa ujumbe wa Kiswahili wanapaswa kukijua, na kinaturudisha kwenye jina la mji wetu. Meseji moja ya kawaida inabeba herufi 160. Herufi zote za Kiswahili zimo kwenye orodha ya msingi ya simu, na ritifaa iliyonyooka imo pia. Lakini ukiandika meseji hiyo kwanza kwenye programu ya kuandikia barua, mara nyingi inaigeuza ritifaa kuwa ile iliyopinda ya kwenye vitabu. Iliyopinda haimo kwenye orodha ya msingi. Herufi moja tu ya namna hiyo inailazimisha meseji nzima ihamie mfumo mwingine wa herufi, na uwezo wake unashuka kutoka 160 hadi 70. Ofisi inayotuma tangazo la kikao cha Bomang'ombe kwa wananchi inaweza kulipia meseji mbili au tatu badala ya moja kwa sababu ya kialama kimoja. Msifute ritifaa, jamani. Andikeni ile iliyonyooka.

Ninachokiomba si kikubwa, na teknolojia yake ipo tangu nikiwa kijana. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa na Kiswahili kikawa lugha ya mahakama zetu, kwa sababu si haki mtu ahukumiwe kwa maneno asiyoyaelewa. Skrini ya hospitali, ya halmashauri, ya chama cha ushirika cha kahawa huko juu Machame, nayo inamwamulia mtu mambo yake kila siku.

Basi ninyi mnaoandaa zabuni za mifumo ya kompyuta katika halmashauri, mashirika na vyama vya ushirika, andikeni humo kwamba maneno yote ya ujumbe yakae nje ya programu, kwenye faili ambalo wafanyakazi wenu wanaruhusiwa kulibadilisha bila kumwita wala kumlipa muuzaji. Daini kwamba kila ujumbe uwe na namba isiyobadilika, mapengo yenye namba, na nafasi ya kueleza sababu na la kufanya. Muuzaji akisema haiwezekani, muulizeni imewezekanaje tangu 1988. Na kabla hamjasaini kuupokea mfumo wake, mwambieni aandike kwenye skrini, mbele yenu, sentensi moja yenye neno Bomang'ombe.